Uzi maalumu: Usukani wa pikipiki ya safari unapotikisika, kuyumba au kutetemeka, tuanzie wapi?

Mleta uzi (Mwanakwerekwe, Unguja)

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Nafungua uzi huu kwa sababu kila anapojitokeza mtu kulalamika kwamba usukani wa pikipiki yake unatikisika, jawabu analopewa huwa ni moja tu: kaza nati ya shingo, yaani pale usukani unapoungana na fremu. Anakwenda kwa fundi, nati inakazwa, mtikisiko unapungua, anashukuru na kuondoka. Haupiti muda anarudi na malalamiko mapya, kwamba pikipiki haitaki kushika njia na kila kona inamchosha mabega. Jambo hili si dogo hata kidogo. Pikipiki ya safari, yaani ile kubwa ya kwendea masafa marefu, ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na zile kubwa kabisa hukaribia 400 kabla hata ya kupakia watu wawili na masanduku matatu. Usukani ukimshinda mtu katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, hapati muda wa kujirekebisha. Kwa hiyo naomba tulizungumze kwa utulivu, tukianza na dalili, kabla mtu hajashika spana.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mtikisiko unafuata nini? Uko mtikisiko wa mbele peke yake, ambapo usukani hwenda kushoto na kulia kwa haraka, mara nne hadi kumi kwa sekunde, huku mwili wa pikipiki umetulia. Huo hujitokeza zaidi katika mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa, hasa mtu anapoachia mafuta ili apunguze mwendo. Kuna na kuyumba kwa pikipiki nzima, ambako mtu hukuhisi kiunoni kabla ya mikononi. Kwenyewe ni kwa polepole, mara mbili hadi nne kwa sekunde, na aghalabu huja baada ya kilomita 100 kwa saa, mzigo ukiwa mzito. Tatu ni mtetemo mwembamba, wa makumi ya mara kwa sekunde, ambao jicho haliuoni kwenye usukani wenyewe ila vidole hufa ganzi, na gari la nyuma ukilitazama kwenye kioo cha pembeni huonekana limefunikwa na ukungu.

Mwaka 1971 mhandisi wa Uingereza R. S. Sharp alionyesha kwa hesabu kwamba hizo mbili za mwanzo ni tabia za asili za pikipiki. Maana yake kwetu ni kubwa: hata pikipiki mpya, nzima, inazo, lakini kila zinapochokozwa na jiwe au upepo hujizima zenyewe kabla mpandaji hajazitambua. Tunachokitafuta, kwa hiyo, ni kile kilichoipunguzia pikipiki uwezo wake wa kujizima, na mara nyingi vinakuwa vitu viwili au vitatu vilivyochakaa kidogo kidogo kwa pamoja, kila kimoja peke yake kikionekana hakina neno.

Hesabu ndogo inasaidia. Mzingo wa gurudumu la mbele kwa pikipiki nyingi za safari ni karibu mita mbili. Ukienda kilomita 60 kwa saa unakata mita 16.7 kila sekunde, yaani gurudumu linazunguka mara nane hivi kwa sekunde, na nane imo ndani ya ile nne hadi kumi niliyoitaja. Basi kasoro yoyote inayozunguka na gurudumu, iwe tairi lililoliwa vibaya, rimu iliyopinda au uzito usiolingana, inaupiga usukani kwa mapigo yale yale ambayo usukani wenyewe ni mwepesi kuyafuata. Ndiyo sababu mtu anastaajabu: kwenye 40 hakuna kitu, kwenye 65 mikono inacheza, kwenye 90 pametulia tena. Kasoro bado ipo pale pale. Kilichobadilika ni mapigo.

Sasa namna ya kuuliza pikipiki. Tafuta barabara iliyonyooka, kavu, isiyo na watu, asubuhi mapema. Mimi hupendelea kipande cha kuelekea Paje baada ya kuupita msitu wa Jozani. Ndani ya Jozani kwenyewe pana matuta na kima punju wanavuka wakati wowote, si pahala pa majaribio. Mikono miwili ibaki kwenye usukani, imeshika kwa wepesi. Fika kwenye mwendo unaotikisika, shika klachi, iache injini ishuke. Ukibaki vile vile, chanzo kiko kwenye magurudumu, shingo au foki, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele. Ukiondoka papo hapo, elekea kwenye injini na boliti zinazoishikilia. Kisha rudi kwenye mwendo huo huo kwa gia nyengine, na mwisho, ukiwa umesimama na gia iko huru, pandisha injini taratibu uone kama mtetemo unakuja kwenye mzunguko ule ule. Usukani ukitikisika pale tu unaposhika breki ya mbele, na mkono wa breki unapiga vidoleni, anza na diski na kalipa inayoibana, uache shingo mpaka baadaye.

Jaribio moja silikubali, nalo ni la kuachia usukani kabisa ili kuona utafanya nini. Vitabu vya watengenezaji vinaonya dhidi yake, na wanaolifanya hulifanya katika mwendo ule ule ambao mtikisiko ni rahisi kukua. Unachotaka kukijua utakijua kwa kulegeza vidole tu.

Mchangiaji (Wete, Pemba)

Waalaykum salaam, kaka, na ahsante kwa uzi huu. Mimi ninayo pikipiki ya safari ya silinda mbili niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mwenyewe wa kwanza alikuwa haiendeshi sana, kilomita zake ni chache na tairi zina meno ya kutosha. Tatizo langu ni kwamba nikishuka vilima vya njia ya Chake Chake nikiwa nimeachia mafuta, usukani unatikisika kwenye 60 hadi 70. Nikivuta mafuta kidogo unatulia. Nyuma nina sanduku ambalo hubeba zana na bidhaa za duka. Fundi alikaza nati ya shingo, mtikisiko ukapungua, lakini sasa kwenye kona pikipiki inatangatanga na inataka kusukumwa kila mara. Naomba mwongozo, nianzie wapi bila ya kununua vitu nisivyovihitaji?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Wete, maelezo yako yamenisaidia sana, hasa hilo la kuteremka. Ukishuka kilima ukiwa umeachia mafuta, uzito wa pikipiki unahamia mbele, tairi la mbele linabanwa zaidi na lami, na mwendo unapungua taratibu kupita katika yale mapigo nane niliyoyataja. Hali hizo tatu zimekutana mahali pamoja. Ukivuta mafuta, uzito unarudi nyuma na tairi la mbele linapumua. Hivyo vilima vyenu vya Pemba vinaifichua kasoro ambayo mtu wa Unguja anaweza kukaa nayo muda mrefu bila ya kuijua.

Kabla ya yote, mwambie fundi airudishe nati ya shingo kwenye hali ya kawaida. Nati iliyokazwa kupita kiasi inauzuia usukani usijinyooshe wenyewe. Gurudumu la mbele limepangwa liguse lami nyuma kidogo ya mstari wa shingo, kama linaloburuzwa, kwa umbali unaokaribia milimita 100 kwenye pikipiki nyingi za safari, ili liwe linajirudisha katikati bila ya kuelekezwa. Shingo ikibana, linachelewa kurudi, nawe unalazimika kulisahihisha kwa mikono, ndio huko kutangatanga unakokusema. Mtikisiko umefunikwa na umeongezewa ugonjwa wa pili.

Halafu nenda kwenye tairi, na hapa ndipo ninapokuomba usiridhike na meno. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2315 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Pikipiki iliyokaa sana bila ya kuendeshwa inaweza kuwa na tairi lenye meno kamili ambalo mpira wake umeshakuwa mgumu, na ukilitazama vizuri chini ya meno utaona nyufa nyembamba. Tairi la namna hiyo halinyonyi tena mitikisiko midogo, linairudisha kwenye usukani.

Tairi likiwa limepoa, funga macho upitishe kiganja juu yake kwa wepesi, ukifuata mzunguko upande mmoja, kisha urudi kinyume. Likiwa zima, mkono unateleza sawasawa kwa pande zote mbili. Likiwa limeliwa vibaya, upande mmoja mkono unapita na upande wa pili kila jino linakukwaruza, au utahisi vilima na mabonde yanayofuatana kando ya katikati. Hali hiyo huletwa zaidi na upepo mdogo ndani ya tairi na foki zilizochoka, na katika tairi za mbele za pikipiki nzito ndiyo chanzo cha mtikisiko wa kuachia mafuta ninachokishuku kwanza.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya kutoka, kwani tairi likishapata moto kipimo kinapanda na kukudanganya. Pikipiki nyingi kubwa za safari hutakiwa kuwa karibu na 36 PSI mbele na 42 nyuma, lakini namba ya kufuata ni ya kwenye kibandiko cha pikipiki yako. Ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiki na pikipiki yako.

Ukimaliza, ipandishe kwenye stendi kubwa, muombe mtu alemee nyuma ili gurudumu la mbele lielee, ulizungushe na huku umeegemeza kalamu kwenye foki, ncha yake karibu na ukingo wa rimu. Utaona kama ukingo unaikaribia na kuikimbia kalamu. Vitabu vingi vya ufundi vinaweka kikomo cha milimita 2. Tazama na ule mstari mwembamba ulioko ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Mstari huo ukiwa mahala pamoja umezama na pengine umejitokeza, tairi halikukaa vizuri wakati wa kuvishwa, na hakuna kizito cha risasi cha kubalansi gurudumu kitakachorekebisha hilo. Livuliwe, lipakwe maji ya sabuni, livishwe upya.

Ama sanduku, litazame ndani, aghalabu utakuta kibandiko cha uzito. Kwa masanduku mengi ya nyuma kikomo hakizidi kilo 10. Zana na bidhaa zinakupita hapo bila ya wewe kujua, na uzito uliokaa juu, nyuma ya ekseli, unaipunguzia mbele mshiko wake.

Fundi (Chake Chake, Pemba)

Kwa heshima zote, ndugu mleta uzi, naomba nitofautiane nawe katika mpangilio. Pikipiki zinazokuja kwangu na malalamiko haya, nikizifungua shingo, ninachokikuta ni kutu na grisi iliyogeuka nta. Hewa yetu ni ya chumvi, njia za pwani zina mchanga, na watu wanaosha pikipiki kwa mpira wa maji ya nguvu moja kwa moja shingoni na kwenye ekseli. Maji yakishaingia hayatoki. Mtu akinunua tairi jipya juu ya shingo mbovu, tairi hilo nalo litaliwa vibaya, na amepoteza fedha zake. Mimi ningeanza na shingo.

Mleta uzi

Fundi, maneno yako ni ya mtu anayeyaona kwa macho yake na ninayakubali kwa sehemu kubwa. Kuhusu maji ya nguvu, ningetamani kila muoshaji magari wa Mjini aliyasikie hilo. Tunapotofautiana ni kwamba tairi na upepo mtu anaweza kuvikagua mwenyewe nyumbani bila ya gharama, ilhali kufungua shingo ni kazi ya nusu siku na zaidi. Kukagua kuanzie kwenye kilicho rahisi. Kubadilisha kusubiri mpaka vyote vimeshakaguliwa. Nadhani hapo tuko pamoja.

Na shingo nayo inakaguliwa kabla ya kufunguliwa. Gurudumu la mbele likiwa limeelea, kaa chini mbele ya pikipiki, shika miguu ya foki kwa chini karibu na ekseli, uvute kwako na usukume, huku mwenzako ameweka kidole pale shingo inapokutana na fremu. Akihisi mgongano hata mdogo, shingo imelegea. Baada ya hapo, shika usukani kwa vidole viwili tu na uupeleke kutoka kushoto hadi kulia kwa polepole sana. Shingo nzima haina pa kusita. Shingo iliyochoka, usukani ukifika kwenye mstari wa mbele unazama kidogo na kukataa kutoka, kisha unaachia. Sababu ni kwamba beringi za shingo hazizunguki duara zima. Gololi zinakaa pahala pamoja katika muda mwingi wa safari, na kila shimo la barabara linazigongesha pale pale mpaka zinachimba vishimo katika kikombe, ile pete ya chuma zinamokaa. Beringi iliyochimbika hivyo haiponi kwa kukazwa wala kwa grisi mpya.

Tukiwa hapo chini, gurudumu nalo likamatwe juu na chini, kisha kushoto na kulia, na litikiswe. Likicheza juu na chini na vile vile kushoto na kulia, shaka iende kwenye beringi za gurudumu. Likicheza kwa mbele na nyuma pamoja na foki nzima, ni shingo. Hapa watu huchanganya mara nyingi na kubadilisha kisichostahili.

Fundi (Chake Chake)

Hapo nimekuelewa, na tuko pamoja. Niongeze jambo la kukaza, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nzuri. Baadhi ya vitabu vya ufundi vinataka shingo ipimwe kwa mizani ya kuvuta: unainasa ndoana ya mizani kwenye foki, gurudumu limeelea na usukani umenyooka, unavuta kwa pembe ya mraba, na unasoma ni nguvu gani inayoanza kuugeuza usukani. Namba inayotakiwa iko kwenye kitabu cha pikipiki husika. Mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki sokoni inafanya kazi hiyo, ilimradi iwe inasoma sawasawa katika uzito mdogo. Waya za breki na klachi zitolewe njiani kwanza, kwani nazo huzuia usukani na kipimo kikatoka cha uongo. Na boliti zinazoshika foki kwenye kishikizo cha juu zilegezwe kabla ya kukaza nati ya shingo. Usipozilegeza, unaikaza nati lakini shingo haishuki.

Mchangiaji (Makunduchi, Unguja)

Naomba niulize la tatu, lile la ganzi. Pikipiki yangu ni ya silinda nne, ya zamani kidogo, inatumia karbureta. Haiyumbi wala haitikisiki, lakini nikitoka Makunduchi mpaka Mjini vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havina hisia. Inakuja zaidi kati ya mizunguko 4,000 na 5,000 kwa dakika, gia yoyote ile.

Mleta uzi

Umeshajijibu nusu uliposema gia yoyote ile. Kinachofuata mzunguko wa injini bila ya kujali mwendo, magurudumu hayahusiki. Mizunguko 4,000 kwa dakika ni 67 kwa sekunde, na injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa maumbile yake hutoa mtetemo wa mara mbili ya hapo, 133 kwa sekunde. Kiasi fulani cha mtetemo huo ni cha kawaida na watengenezaji wanaudhibiti kwa raba na vizito. Tazama kwanza ncha za usukani: vile vyuma vizito vya mwishoni vina kazi, na aghalabu pikipiki ikianguka kimoja hupotea, mtu akaweka cha plastiki cha mapambo. Kwa kuwa mkono wako ni wa kulia tu, nitaanza hapo. Raba zinazobeba usukani, zikiwepo, zibonyezwe uone kama zimekufa. Boliti za injini zikazwe kwa kipimo, zote, kwani ikilegea moja inazichosha nyengine. Yakiwa hayo yote mazuri, karbureta zisawazishwe kwa geji za kupimia mvuto wa hewa, ili silinda zote nne zibebe kazi sawa; karbureta zilizopishana huifanya injini itetemeke hasa pale unapokwenda kwa mafuta ya kutulia, ndio mwendo wako wa Makunduchi hadi Mjini.

Na usiichukulie ganzi kuwa ni kadhia ya starehe tu, kwani vidole visivyohisi ndivyo vinavyoshika breki ya mbele.

Mchangiaji (Wete)

Narudi na majibu, ndugu zangu. Tairi la mbele lina umri mkubwa kuliko nilivyodhania, tarakimu zake ni 1114, na kiganja kilikwaruzwa upande mmoja kama alivyoeleza kaka. Nilianza kwa upepo na kupunguza mzigo wa sanduku; mtikisiko ukapungua lakini haukwisha. Baada ya tairi jipya, lililobalansiwa, ilibaki dalili ndogo tu pale kwenye mteremko mrefu. Ndipo fundi wa Chake alipoifungua shingo. Kikombe cha chini kilikuwa na safu ya vishimo vidogo, vimepangana sawasawa kwa mbele na nyuma, kila kimoja kina upana wa punje ya mchele, na ukipitisha ukucha juu yake unadundadunda. Amenionyesha kwa mkono wangu. Tumeweka beringi za rola zilizochongoka upande mmoja badala ya gololi, tukapima kwa mizani ya samaki. Kona zimerudi kuwa nyepesi na mteremko nimeushuka kwa kutulia. Nimefurahi zaidi kwamba nimejua kila hatua imeondoa nini.

Mchangiaji (Kiembesamaki, Unguja)

Mimi kisa changu ni cha Bara. Hapa Unguja pikipiki yangu haina neno. Nikivuka na kuchukua njia ya Chalinze hadi Segera, mke wangu nyuma na masanduku matatu yamejaa, kwenye kilomita 110 kwa saa pikipiki nzima inaanza kuyumba polepole, zaidi upepo wa pembeni ukivuma au nikiwa nyuma ya lori. Kuna aliyenishauri nifunge kizuia mtikisiko cha usukani, ile pampu ndogo ya mafuta. Je, nifunge?

Mleta uzi

Nakushauri usubiri. Kuyumba kwa namna hiyo kunatoka nyuma na katika mzigo, na kifaa kinachozuia usukani hakikutibu. Kwa baadhi ya pikipiki kikikazwa sana hukuzidisha, kwa sababu ile ile tuliyoizungumza ya nati iliyobana. Baadhi ya watengenezaji wanakifunga kiwandani, nami sina tatizo nacho pale mtengenezaji alipokipanga. Kukiongeza mwenyewe ili kuficha kitu usichokijua sikubaliani nako.

Unguja huoni kitu kwa sababu hapa hupati njia wala sababu ya kufika 110 na mzigo kamili. Anza na shokamzoba ya nyuma: springi yake ina sehemu ya kuongezea nguvu kwa ajili ya abiria na mizigo, na wengi wetu hatuigusi tangu tununue. Nyuma ikizama, mbele inanyanyuka na kuwa nyepesi. Tazama kama shokamzoba inavuja. Bonyeza nyuma ya kiti kwa nguvu uachie, ikirudi na kuendelea kudunda, mafuta yake yamekwisha kazi. Kisha gurudumu la nyuma lielee, ushike mkono wa fremu unaolibeba na uutikise kushoto na kulia. Hapo hapatakiwi kucheza kabisa. Kama ni ya cheni, pima umbali kutoka boliti ya egemeo la mkono huo hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, wala usiziamini alama zilizochongwa pekee. Vitu vizito viwe chini na mbele katika masanduku ya pembeni, yalingane kushoto na kulia, na la juu libebe nguo. Masanduku yenyewe yana mwendo wake wa mwisho ulioandikwa. Uheshimu, hasa ukiwa umempakia mke wako.

Na ikitokea njiani, usipambane na usukani wala usiukamate kwa nguvu zote, kwani mikono iliyokakamaa inaulisha mtikisiko. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele, punguza mafuta kwa ulaini bila ya kuyakata ghafla, na breki ya mbele usiiguse mpaka pametulia.

Mchangiaji (Wete)

Suala la mwisho kwa fundi wangu: baada ya beringi mpya, nirudi lini?

Fundi (Chake Chake)

Rudi ukishatembea kilomita mia chache, wala usingoje mpaka usikie kitu. Vikombe vipya vinaendelea kukaa katika fremu na nati hulegea kidogo. Tutapima tena kwa mizani, tutakaza boliti za foki na ekseli kwa kipimo chake, na nitalipitisha kiganja tairi lako jipya tuone linaanza kuliwa vipi. Na kuanzia leo, ukiosha pikipiki, tumia ndoo na kitambaa.

Mchangiaji (Makunduchi)

Mimi nimekuta ncha ya kulia ni plastiki tupu. Nimeagiza ya chuma, na karbureta zitasawazishwa wiki hii. Ahsanteni.